Mapaa Mawili, Inveta Moja

Katika nyumba ile maneno hayakwenda moja kwa moja, yalizungukia kwa mama. Seremala akitaka kumwambia mdogo wake kwamba bomba la uani linavuja, alisimama kwenye mlango wa mama yao na kusema, "Mama, mwambie huyo mwanao bomba linavuja." Mama alivaa ndala zake, akavuka ua wa hatua saba, akamwambia yule mdogo, kinyozi, kwamba bomba linavuja. Kinyozi alikuwa amekwisha kusikia kila neno, maana ua ulikuwa mdogo na kaka yake ana sauti ya msumeno. Hata hivyo alisubiri aletewe ujumbe, ndipo akajibu, "Mama, mwambie huyo mwanao bomba alilifunga yeye." Na mama akageuka na ndala zake, akarudi. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita mizima.

Chanzo kilikuwa ngazi. Ngazi ya chuma ya marehemu baba yao, ndefu, yenye vipandio kumi na sita. Baada ya mazishi seremala aliibeba akaiweka upande wake, akasema yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye mwenye kazi ya kupanda. Kinyozi akasema hata mwenye kunyoa watu ana paa. Wakatupiana maneno mazito mbele ya wageni, na tangu siku hiyo hawakusemeshana. Ukimuuliza mmoja wao peke yake, alikuambia kwamba ngazi si kitu, kilichomuuma ni yale maneno.

Fundi aliyeitwa kuwafungia sola aliyajua yote haya siku ya kwanza, kwa sababu yalimwangukia yeye. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkavu wa maneno, na mtaani walimwita Testa kwa kuwa hakuwahi kugusa waya bila kuupima, hata waya wa redio mbovu iliyotupwa jaani. Kwenye kiganja chake cha kushoto palikuwa na kovu alilolipata siku alipomwamini fundi mwenzake aliyemwambia "nimeshazima." Alisema watu wengi wana nia njema. Mita ya kupimia umeme haina nia yoyote, na ndiyo maana aliiamini kuliko watu.

Aliitwa kwa ajili ya mama. Mapafu ya mama yalikuwa yamechoka, na hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba mrija usitoke puani, mrija uwe kwenye mashine ya oksijeni, na mashine iwe kwenye umeme. Umeme ukikatika kulikuwa na mtungi wa akiba. "Na mtungi ukiisha," muuguzi alimwambia mke wa seremala, ambaye ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake, "msihesabu saa. Hesabuni dakika." Wiki hiyo hiyo likabandikwa tangazo kwenye nguzo ya mtaani: umeme ungekatwa siku mbili kuanzia Alhamisi saa sita mchana, nguzo zote zibadilishwe.

Ndugu wawili walichangia bila kusemeshana, kila mmoja akanunua paneli zake za paa lake. Paa la kinyozi lilitazama mawio, la seremala lilitazama machweo. Katikati, kimebanwa na nyumba hizo mbili, kilikuwepo chumba cha mama chenye paa bapa la zege. Baba yao ndiye aliyejenga hivyo, ili mkewe asiwe mbali na mwana yeyote. Hakujua kwamba alikuwa akimjengea kazi ya tarishi.

Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amewashauri wanunue inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa jua uwe umeme wa nyumbani, yenye mlango mmoja, waya za mapaa yote mawili ziingie humo kwa pamoja. Testa alikataa katakata. Mapaa yasiyopata jua kwa wakati mmoja, alisema, ukiyafunga nira moja yatavutana, hili linalirudisha nyuma lile, na mgonjwa ndiye atakayelipia. Akawachagulia inveta yenye milango miwili, kila paa na mlango wake. Asubuhi paa la mdogo lifanye kazi, jioni la mkubwa, na mchana yote mawili. Betri za usiku zilikuwa njiani, zingefika Alhamisi jioni. Mpaka hapo inveta ingeendesha mashine kwa jua tupu.

Inveta hiyo ilikuwa na kikomo. Kila mlango ulipokea volti mia tano, na zaidi ya hapo ni kuungua. Paneli ukizifunga kwa mfuatano, kichwa kwa mkia, volti zake hujumlishwa, na kila moja ilitoa kama arobaini na tano. Kwa hiyo kumi kwa mlango mmoja, na kumi ndiyo mwisho, maana kukiwa na baridi volti hupanda.

Hilo Testa alimwambia seremala Jumatano jioni, wamesimama wote wawili juu ya zege la mama. "Kumi ndiyo mwisho, kila mlango. Zikizidi, inveta inaungua, na ikiungua hatuna nyingine."

Seremala aliitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa na kumi zake. Kisha akatazama paa la mdogo wake, lililobeba paneli nane kwa sababu upande wa mawio haukuwa na nafasi ya zaidi, akacheka kwa pua. "Fundi, mwambie huyo mwenzangu, nane ni za kuchajia simu."

Testa naye alicheka. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na mzaha ule ulimpata vizuri. Aliposhuka uani, kinyozi alimuuliza anacheka nini, na yeye, bila kufikiri, akamwambia. Alipeleka mzaha, na kikomo hakukipeleka. Hata hakikumjia akilini, maana mtu mwenye nane ana shida gani na kumi? Akazipima zile nane, zikasoma volti mia tatu na hamsini na tisa, akazima swichi ya paa, akaenda zake nyumbani.

Alhamisi alifika saa moja na nusu asubuhi. Manyunyu yalikuwa yamepita usiku, mabati yakang'aa na hewa ikawa ya baridi. Akafungua mfuniko wa inveta iliyotundikwa kwenye ujia, nje ya mlango wa mama, akaanza kuingiza waya za seremala. Alikuwa na muda wa kutosha mpaka saa sita, na hata wa kunywa chai.

Saa mbili na dakika tano taa ya ujiani ikazimika.

Kutoka chumbani mashine ya oksijeni ikalia mlio mmoja mrefu, mwembamba. Testa alijua mara moja. Watu wa nguzo hawakungoja saa sita yao.

"Wamekata!" mke wa seremala alipiga kelele. "Wamekata, jamani!" Mikono yake ilikuwa tayari kwenye mtungi, akihamisha mrija. Kisha mikono ikasimama, na hilo likamtisha Testa kuliko kelele. Aliingia akatazama. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

"Huu haujajazwa?"

"Ulitumika Jumapili." Mke wa seremala alimtazama mumewe, aliyekuwa ameingia mbio na vumbi la mbao kwenye nyusi, kisha akamtazama shemeji yake mlangoni, taulo la kinyozi bado begani. "Nani alikuwa aujaze?"

Kila mmoja alikuwa amengoja kuambiwa kwamba mwenzake ameshaupeleka.

"Dakika ngapi?" Testa aliuliza.

"Ishirini. Nikiupunguza, ishirini na tano."

Gari la wagonjwa lilipigiwa simu. Dereva akasema barabara imefungwa kwa nguzo zilizolazwa chini, azunguke, dakika arobaini na tano akibahatika. Mama alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, macho yake yakihama kutoka kwa mwana mmoja hadi kwa mwingine. Mabega yake yalipanda na kushuka kama mtu aliyetoka kubeba maji. Hakusema kitu. Kusema kunataka pumzi.

Testa alimaliza waya za seremala, akazipima, volti mia nne na arobaini na nane. Akawasha. Inveta ikahesabu dakika yake nzima, ikabofya, na chumbani mashine ikaanza kunguruma. Mke wa seremala akashusha pumzi. Kabla hajaimaliza, mashine ikalia tena na kufa. Ilikuwa asubuhi. Paa lile lilikuwa bado kwenye kivuli chake lenyewe, paneli kumi zikitazama mahali jua litakapokuwa alasiri.

"Upande wangu," kinyozi alisema. "Jua lote liko upande wangu. Fundi, washa upande wangu!"

Waya zake zilikuwa zinaning'inia. Testa aliziingiza, akakaza skrubu moja, ya pili, akawasha swichi ya paa, jasho jembamba likimtambaa mgongoni pamoja na ile baridi. Kati ya zile waya na inveta ilibaki swichi moja tu, ya inveta yenyewe. Kidole gumba chake kilikuwa juu yake.

"Washa, fundi!" seremala alinguruma.

"Dada, washa, mshale umefika mwisho!" mkewe akasema.

"Si ulipima jana?" kinyozi alisema. "Nilikuona kwa macho yangu. Washa tu!"

Ni kweli alipima jana. Zilikuwa nane, mia tatu na hamsini na tisa, hata karibu na kikomo hazikufika. Kupima tena ni sekunde kumi, na sekunde kumi kwa mtu anayekosa pumzi si kitu cha kuchezea. Moyo ulimwambia awashe. Mkono wa kushoto, ule wenye kovu, ukaenda wenyewe kwenye mita.

Mia tano na arobaini na moja.

Alidhani mita imeharibika. Akaipima kwenye waya za seremala, ikasoma vilevile, mia nne na arobaini na nane. Akarudi. Mia tano na arobaini na moja. Kama angebonyeza ile swichi, inveta ingekuwa moshi sasa hivi, na gari bado liko ng'ambo ya mji.

Aligeuka taratibu. "Paneli nane hazitoi volti mia tano na arobaini. Umefanya nini juu?"

Uso wa kinyozi ulinyauka. "Nimeongeza."

"Ngapi?"

"Nne. Alfajiri. Nilizinunua jana usiku, leo nikaziweka upande wa pili wa paa, nikaunganisha kama nilivyokuona wewe unaunganisha, moja kwa nyingine. Nilidhani zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Nilitaka ziwe kumi na mbili." Alimtazama kaka yake nusu ya nusu ya sekunde, kisha akarudisha macho kwa fundi. "Si mliniambia nane ni za kuchajia simu?"

Testa alihisi uso unamwaka. Mzaha aliusema mkubwa, ndiyo, lakini mdomo uliouvusha ua ulikuwa wake.

"Ngazi," alisema. Hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. "Ulipandia nini?"

"Ile yangu ya mbao. Nikatambaa kutoka paa la jiko."

"Hiyo itanivunja shingo. Ngazi ndefu iko wapi?"

Kila mtu pale alijua ilipo. Testa hakumtaja mtu. Alishika kamba na funguo zake mbili za plastiki za kufungulia plagi za paneli, akatoka uani, na alipofika ukutani akakuta seremala anakuja na ngazi ya chuma begani, karibu akimbie. Aliisimika kwenye ukuta wa mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, akaitikisa kuona kama imekaa.

Testa alizima swichi ya paa kwanza, akapima kuona imezimika kweli, ndipo akapanda. Kinyozi akamfuata. Mabati yalikuwa mwinuko mkali, yameloa, na viatu vyao vilitafuta vichwa vya misumari pa kukanyagia. Juu kabisa, kwenye kigongo, alikaa kama mtu aliyepanda punda, akachungulia upande wa pili.

Alifumba macho kidogo, akafumbua. Paneli nne zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya manila na waya wa uzio. Tatu zilikuwa zimeshika. Ya nne, ya mwisho chini, ilikuwa imekatika kamba moja ikateleza, pembe yake imetoka nje ya bati, inaning'inia juu ya zege la chumba cha mama. Kilichoizuia isianguke ni waya wake wenyewe. Na waya aliouhitaji Testa, ule wa kurudi chini kwenye inveta, ulianzia hapo hapo.

"Nifunge kiunoni," alimwambia kinyozi. "Kalia kigongo, kaza magoti, unishushe polepole. Plagi zote hizi zina umeme hata sasa, jua likiwepo zina umeme. Usiguse kitu ila kamba."

"Na ile inayoning'inia?"

"Mtu lazima aishike kwa chini, la sivyo nikifungua plagi inaondoka na mimi."

Chini kwenye zege, seremala alikuwa ameshafika. Testa aliona utosi wake na mikono miwili mikubwa iliyoinuliwa. Kutoka pale alipo, chini ya ukingo wa mabati, seremala hakuweza kuwaona wao, na Testa alipoanza kushuka kwa tumbo hakuweza kumwona yeye.

Plagi ya kwanza, kati ya paneli ya nane na ya tisa, ilikuwa karibu na kigongo. Ufunguo mmoja huku, mwingine kule, akabana, ikaachia. Sasa nane zilikuwa peke yake. Plagi iliyobaki wazi akaizungushia utepe isiguse bati. Akashuka zaidi. Mkono mmoja ulihitaji kushika fremu, mwingine ufunguo, na ufunguo wa pili ukabaki bila mkono, basi akauweka mdomoni, akauuma kwa meno.

Hapo paneli ya mwisho ikateleza tena, kiasi cha kiganja kimoja. Waya ukakazika kama uzi wa gitaa.

Kutoka juu kinyozi aliiona. Testa naye aliiona, lakini ufunguo ulikuwa kati ya meno yake, na alichoweza kutoa ni mgumio tu. "Fundi," kinyozi alisema, sauti imempanda, "mwambie ainue! Inatoka upande wa kulia! Mwambie!"

Testa alitikisa kichwa. Mdomo umejaa.

"Mwambie, fundi!"

Fremu ilikwaruza bati. Kilo ishirini na zaidi, kioo kitupu, na chini yake kaka yake ameinua mikono kwenye kitu asichokiona.

"Kaka!" kinyozi alipiga kelele. Sauti ilimtoka imevunjika, kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Kaka, kulia kwako! Inua kulia!"

Kisha chini pakajibiwa.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwako! Upande wa mlango wa mama!"

"Nimeshika!"

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika, mdogo wangu! Mlegezee fundi kamba, namsikia anakabwa!"

Kamba ikalegea. Testa hakuwa amejua hata kidogo kwamba anakabwa. Uzito ukaondoka kwenye waya, akautoa ufunguo mdomoni, akabana plagi, ikagoma. Maji ya manyunyu yalikuwa yameingia. Akabana tena kwa nguvu zake zote na ikaachia na mlio mdogo. Akaupitisha ule waya kiunoni, akapanda kwa magoti, mabati yakimchuna, na wale wawili wakaendelea kupigizana kelele juu ya kichwa chake na chini ya miguu yake, shusha, subiri, pembe hiyo, polepole, umeilaza? Nimeilaza. Una uhakika? Nimeilaza, bwana, shuka sasa.

Kwenye kigongo aliunganisha ule waya na paneli ya nane, plagi ikaingia ikabofya. Hakumbuki alivyoshuka ngazi. Aliwasha swichi ya paa akipita.

Ujiani mke wa seremala alikuwa amesimama na mtungi mikononi, ameukumbatia. "Umeisha," alisema. "Sasa hivi. Umeisha."

Testa alipima. Ndiyo, alipima hata hapo, na mke wa seremala alimtazama kama anataka kumpiga. Mia tatu na sitini na mbili. Akabonyeza.

Inveta haina haraka ya mtu. Ilianza kuhesabu kutoka sitini kurudi nyuma, tarakimu za kijani, moja moja. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameinama mbele, mikono miwili magotini, mdomo wazi, midomo imeanza kugeuka rangi. Seremala na kinyozi waliingia kwa pamoja wakakwama mlangoni bega kwa bega, kisha wakapita, mmoja akapiga magoti kushoto mwa kitanda na mwingine kulia.

Arobaini. "Mama, pole pole," seremala alisema. "Vuta pole pole."

Thelathini. "Kaka, msogeze mbele kidogo. Hivyo."

Ishirini. Testa alijikuta naye ameshika pumzi, na akaona aibu kuwa nayo.

Kumi. Kichwa cha mama kiliegemea bega la kinyozi.

Inveta ikabofya. Mashine ikakohoa, ikanguruma, taa yake ikawa nyekundu, ikakaa nyekundu muda mrefu kupita kiasi, ikawa kijani. Mke wa seremala aliuvuta mrija kutoka kwenye mtungi mtupu, akauchomeka kwenye mashine. Walisubiri. Mabega ya mama yalipanda juu kabisa, yakashuka. Yakapanda tena, si juu sana.

Kinyozi alianza kulia bila sauti, uso ameuficha kwenye taulo lake lenye nywele za wateja.

Ilipita kama robo saa. Testa alikuwa amekaa chini ujiani, mgongo ukutani, akitoa vibanzi vya bati kwenye viganja vyake. Kisha aliinuka, akaingia, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Nasema mara moja, mkiwa wote wawili, na ninyi wote wawili mnanitazama," alisema. "Kila mlango, paneli kumi. Kumi ndiyo mwisho. Jana nilimwambia mmoja nikadhani nimesema. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe," alimgeukia seremala, "uliisikia kumi kwa masikio yako. Na zile nne ziko upande unaotazama dirisha lako. Hukuziona?"

Seremala alitazama mikono yake. Pembe ya fremu ilikuwa imemchana kiganja, na damu ilikuwa imekauka.

"Nilimwona," alisema. "Alfajiri. Nilikuwa nimesimama dirishani na chai. Nikamwona anafunga ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Nikajua zimezidi."

"Na ukanyamaza?"

"Mama alikuwa amelala." Alisema kwa utulivu kabisa, kama jambo ambalo mtu yeyote angelielewa. "Ningemwambia kupitia nani?"

Neno lilipokwisha kutoka alilisikia mwenyewe. Uso wake ukabadilika polepole.

Mkono wa mama ulitoka chini ya shuka. Ulikuwa mwepesi, mishipa juu juu. Uliusogeza mrija kidogo pembeni, na wote wanne wakasogea kwa pamoja kumzuia, naye akawatuliza kwa kidole.

"Miaka sita," alisema. Akavuta. "Nimebeba maneno yenu." Akavuta tena, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Mnauliza pumzi yangu imeishia wapi."

Akaurudisha mrija, akafumba macho.

Mashine ilinguruma. Chini ya kitanda Testa aliona ndala za mama, zimelazwa sambamba, zimekwisha visigino mpaka sakafu inaonekana. Alitaka kutoka, hii haikuwa kazi yake tena, lakini alikuwa bado na waya za kufunga vizuri, na mke wa seremala alikuwa amesimama mlangoni.

Kinyozi alijifuta uso. Akamtazama kaka yake, akamgeukia mgonjwa, na mdomo uliozoea ukaanza wenyewe. "Mama, mwambie..."

Akanyamaza. Testa aliona jinsi ilivyomgharimu kugeuza kichwa, jinsi shingo ilivyokuwa nzito, mpaka akawa anatazama upande wa pili wa kitanda.

"Kaka," alisema. "Ile ngazi. Nikurudishie?"

Seremala aliuinamia mkono wa mama. Alikuwa anapanga vidole vya mama juu ya shuka, kimoja kimoja.

"Iache ilipo," alisema. "Zile tatu za juu hazijashuka. Wewe panda, mimi nitaishika."